Faini Imelipwa, Lakini Fomu Bado Inauliza



Ndugu wazazi, na nyinyi wanetu mlioko vyuoni hapa Mbale na kule Jinja, leo nataka tuzungumze habari ambayo majumbani mwetu haizungumzwi. Ni habari ya kijana anayekamatwa akiendesha gari amelewa, na jinsi jambo hilo linavyomfuata mpaka kwenye leseni yake ya kazi.

Najua kuna atakayesema, "Mama, haya yanatuhusu nini sisi Waislamu? Pombe kwetu ni haramu, basi, yamekwisha." Ingekuwa hivyo ningefurahi. Lakini tunaishi wapi? Jinja, kiwanda cha bia kiko ng'ambo tu ya mto, Njeru, tangu miaka ya 1950. Hapa Mbale, mwaka wa imbalu ukifika, ngoma zikaanza Agosti kule Mutoto, pombe ya ulezi inazunguka kila kijiji, na wanetu wana wajomba na marafiki huko. Wapo wanaoonja, na wapo waliokwisha kupita kuonja. Kunyamaza kwetu hakujamzuia hata mmoja.

Mimi nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya wilaya moja, nikipokea barua za kuomba kazi na kutunza mafaili ya watumishi. Kwa hiyo fomu nazijua. Na kijana nitakayemweleza ni mtoto wa kaka yangu wa Jinja. Amenipa ruhusa niandike, ila nisitaje jina lake, nami sitalitaja.

Kijana huyu alisomea uafisa tabibu hapa Mbale, akapata kazi katika kliniki ya mtu binafsi kule Jinja. Usiku mmoja wa Jumamosi alikuwa anatoka Njeru na gari la rafiki yake. Polisi walikuwa barabarani na operesheni yao ile watu wanayoiita kawunyemu, yaani puliza tunuse. Akapuliza. Sheria ya Uganda inaweka mpaka wa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, naye alikuwa ameupita. Akalala mahabusu Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi akafikishwa mbele ya hakimu, maana Katiba ya 1995 inataka mtu afikishwe mahakamani kabla saa 48 hazijapita. Akasomewa shtaka, akasema "Ni kweli," akatozwa faini, rafiki zake wakamchangia, akalipa, akatoka. Saa nane mchana alikuwa kliniki akipima wagonjwa malaria. Mama yake aliambiwa gari liliharibika njiani.

Mnaona jinsi lilivyokwisha upesi? Hapo ndipo penye shida. Kijana akiwa na njaa, ana aibu, hajaoga siku mbili, anachotaka ni kutoka tu. Akisikia kwamba ukikubali unalipa na kwenda zako, anakubali. Hakuna anayemuuliza, "Wewe kazi yako nini?" Na yeye mwenyewe hajui kwamba aliyopata pale si tikiti ya barabarani. Ametiwa hatiani na mahakama kwa kosa la jinai. Faini ni adhabu tu. Hatia yenyewe inabaki imeandikwa.

Sisemi haya ili mlevi apate pa kutorokea. Aliyelewa akashika usukani kwenye barabara ya Tirinyi, yenye watoto wa shule na boda boda pembeni, anastahili kushtakiwa. Lakini Katiba hiyohiyo inampa haki ya kuwa na wakili, na anaweza kumwomba hakimu apewe nafasi ya kupata ushauri kabla hajajibu shtaka. Ajue anachokikubali. Akishakiri, rufaa yake inakuwa nyembamba mno: atalalamikia tu kwamba kukiri kule hakukufuata sheria, au kwamba adhabu si halali au imezidi, na taarifa ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 14. Kijana wetu siku hizo 14 alizimaliza akishukuru kwamba baba yake hajajua.

Ukapita mwaka na miezi. Wilaya ikatangaza nafasi za maafisa tabibu, kazi ya serikali, yenye pensheni. Akachukua Fomu namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, ile inayojazwa nakala tatu, akaniletea Mbale nimsomee kabla hajaipeleka. Alikuwa amejaza vizuri, mwandiko safi kabisa. Pahali pamoja tu palikuwa peupe. Ni pale panapouliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, na kama ndiyo, ueleze na adhabu uliyopewa. Nikamwambia, "Baba, hapa umesahau." Akatazama chini. Nikajua hakusahau.

Basi habari ikatoka, na kwa kuwa ni mambo ya familia, nikamwita kaka na mkewe. Nawaambia kweli, sikutegemea mama mtu angesema alilolisema. Hakuuliza kwa nini alikunywa. Aliuliza, "Jumapili ile yote ulikula nini?" Kisha akalia.

Kaka alikuwa na jibu lake tayari. "Andika hapana. Nani atakwenda Jinja kuchimbua mafaili ya mahakama?"

Nikamwambia, "Kaka, mimi nimekaa na mafaili. Faili halichimbuliwi. Linajitokeza lenyewe siku mtu anapopandishwa cheo." Na hiyo ni kweli tupu. Barua zisizo na jina la mwandishi nimezipokea nyingi katika kazi yangu, na karibu zote zilikuja wakati mtu anakaribia kupata kitu kizuri. Jirani anajua, rafiki aliyechangia faini anajua, askari anajua. Miaka 10 baadaye mtu ni mkuu wa kituo cha afya, ana watoto shuleni, barua inafika. Hapo hulizwi tena habari ya pombe. Unaulizwa kwa nini ulitia saini uongo.

Na tusome maandishi yenyewe. Chini ya swali lile fomu inasema kwamba kutiwa hatiani si lazima kumzuie mtu kuajiriwa, lakini kutoa habari za uongo mahali hapo ni kosa. Watu wengi wanaliruka sentensi hiyo kwa sababu ya hofu ya swali lililo juu yake. Anayeandika "Hapana" anakimbia kosa alilokwisha kulilipia, na anaingia katika kosa jipya.

Shemeji yetu mmoja, mtu wa dini na ninamheshimu sana, aliingia na hoja nyingine, nayo ilinipa kazi zaidi kuliko ya kaka. Alisema Mwenyezi Mungu amemsitiri kijana, basi kwa nini ajifichue mwenyewe? Muislamu hatakiwi kutangaza dhambi yake. Hapo wote wakanyamaza, na kijana akanitazama kana kwamba amepata mlango.

Nilimjibu hivi. Sitara naijua, na naiamini. Ndiyo maana sijasema, wala sitasema, kwamba kijana asimame msikitini au awasimulie wenzake barazani. Toba yake ni kati yake na Mola wake, si kazi ya shangazi kuipima. Lakini fomu haiulizi toba wala dhambi. Inauliza hukumu iliyotolewa mchana kweupe, mbele ya karani na watu waliokaa kwenye mabenchi. Na inamtaka atie saini kwamba aliyoyaandika ni kweli. Kunyamaza ni kitu kimoja, kushuhudia uongo kwa mkono wako ni kitu kingine. Shemeji hakukubali moja kwa moja, ila alisema, "Kama ni saini, basi sawa." Tulikubaliana pia kwamba ikiwa mtu hakuulizwa, hana haja ya kusimulia.

Sasa kuhusu leseni zenyewe, kwa faida ya wanafunzi. Maafisa tabibu, watu wa maabara na wenzao wana baraza lao. Wauguzi na wakunga wana lao, na madaktari wana lao, yote kwa sheria za mwaka 1996. Baraza likiletewa habari ya mwanachama, lina uwezo wa kumsikiliza, kisha kumwonya, kumsimamisha, au kumfuta katika rejista. Mawakili nao wana kamati ya nidhamu, na cheti chao cha kufanyia kazi kinakwisha kila Desemba 31. Kosa moja ambalo halikumuumiza mtu halilingani na la aliyegonga mtu, au aliyekamatwa mara ya tatu, au anayekwenda zamu ananuka. Muuguzi mlevi zamuni ni hatari kwa mgonjwa, na hapo sina huruma.

Wanaofikiria kwenda nje wazingatie zaidi. Ukiomba leseni ya afya kule Ghuba utatakiwa cheti cha mwenendo mwema kazini kutoka baraza la nyumbani, na waajiri wengi wanataka pia cheti cha tabia njema cha polisi, kinachotolewa na Interpol Kampala. Uingereza ni wakali kabisa: daktari aliyesajiliwa kule anatakiwa alijulishe baraza lao bila kuchelewa akishtakiwa au akitiwa hatiani popote duniani. Popote. Hata Njeru. Na akilewa kwenye usukani hukohuko England, anaondolewa barabarani kwa kawaida si chini ya miezi 12, baraza nalo likimsubiri.

Halafu kuna ambao leseni ya kazi na pamiti ya udereva kwao ni karatasi moja. Nina binamu anayeendesha teksi kati ya Mbale na Jinja, kupitia Namutumba na Iganga. Yeye hangoji fomu ya mwaka ujao. Mahakama ina uwezo wa kuisimamisha pamiti, na ikisimamishwa, jioni ile watoto wanakula nini? Na tajiri wa gari hangoji, kesho yake ufunguo uko kwa dereva mwingine. Watu humwita afisa tabibu msomi na dereva wakamwita tu dereva, lakini nikitazama nani anaumia upesi, ni huyu wa pili.

Kijana wetu aliandika "Ndiyo." Akaeleza kwa mistari mitatu: tarehe, mahakama, faini. Hakujitetea. Tukaambatanisha nakala ya risiti, na barua ya mkuu wa kliniki kwamba hajawahi kufika kazini amelewa. Aliitwa kwenye usaili. Mmoja wa waliokaa pale alimuuliza habari hiyo, akajibu, wakaendelea na maswali ya chanjo na kipimo cha shinikizo la damu. Mara ile hakupata. Kama ni kwa sababu ya hatia au ni wingi wa waombaji, hakuna aliyetuambia, nami sitabuni. Aliomba tena tangazo lililofuata, akaandika maneno yaleyale, na sasa yuko kituo cha afya kijijini, nyumba ya bati yenye maji ya mvua. Kaka bado anasema mara ile ya kwanza aliikosa kwa sababu ya shangazi. Tunataniana hivyo, ingawa utani wenyewe una mwiba.

Karatasi za mahakama anaziweka katika bahasha moja na vyeti vyake vya shule. Nilimwambia asizitupe, maana fomu nyingine zitauliza tarehe kamili, na miaka mitano ikipita mtu anaanza kukisia.

Mwanafunzi au mzazi mwenye fomu anayotaka kusomewa kabla ya kuitia saini, aniulizie kwa kina mama wa darsa Jumapili baada ya Adhuhuri. Njoo na kalamu ya penseli kwanza, na nakala ya ziada. Yatakayosemwa pale yatabaki pale.

Wassalaam.