Samaki Aliyeachiliwa



Ndugu wapendwa, Injili ya Jumapili ya 23 ya Mwaka A hutoka katika sura ya 18 ya Mathayo, pale Bwana anapofundisha namna ya kumwendea ndugu aliyekosa. Wengi huisoma sura hiyo kana kwamba haikutanguliwa na kitu. Lakini kabla tu ya hapo, mwishoni mwa sura ya 17, Petro anatumwa ziwani na ndoana, na katika kinywa cha samaki wa kwanza anakuta sarafu ya kulipia kodi ya Hekalu, yake na ya Bwana wake. Katika Agano Jipya lote, lenye nyavu nyingi, uvuvi wa ndoana unatajwa hapo tu. Sisi wa pwani, tuliokulia kwenye mshipi na dema, tungependa kujua pia kama yule samaki alirudishwa majini au alipelekwa jikoni. Mwinjili hasemi. Mwenye njaa atajibu haraka.

Kiangazi kimoja tulikuwa mapadre wawili tuliotumwa kuhudumu kwa muda katika parokia moja ya Cape Cod, rasi iliyo katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mzee mmoja, muumini wa misa ya kila asubuhi, alituchukua alfajiri hadi kwenye hori, mahali ambapo maji ya bahari huingia na kutoka katikati ya majani marefu ya kinamasi cha chumvi. Mikoko hakuna, baridi ya huko haiiruhusu. Lakini harufu ya tope tuliitambua, na watu waliosimama majini hadi mapajani wakingoja maji yaanze kupwa tuliwatambua pia. Maji yakipwa, samaki wadogo hutolewa na mkondo, na wakubwa huwasubiri mlangoni.

Uvuvi wao ni wa chambo bandia cha manyoya. Mvuvi wetu hufunga chubwi, na uzito wa risasi ndio unaopeleka chambo mbali. Wao hufunga manyoya kwa uzi juu ya ndoana, kitu kisicho na uzito wa maana, kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mzito, nao hurushwa nyuma na mbele angani mpaka unyooke. Chambo kimoja mashuhuri, kilichobuniwa na Lefty Kreh wa Maryland mwishoni mwa miaka ya 1950, jina lake maana yake ni Mdanganyaji. Mwaka 1991 kilichapwa hata kwenye stempu ya posta ya Marekani. Mapadre wawili wameshika Mdanganyaji mkononi saa moja kabla ya misa! Tulicheka sana.

Mzee alinasa samaki mwenye mistari myeusi ubavuni, ambaye wenyeji humwita straipa, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Tulijua kitoweo kimepatikana. Naye akamwachia.

Namna alivyomwachia ndiyo iliyotufanya tuandike leo. Kabla ya kurusha alikuwa ameubana kwa koleo ule mwiba mdogo unaozuia ndoana isichomoke. Samaki aliponasa, hakumchezesha. Alimvuta upesi asije akachoka kupita kiasi. Kisha akalowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Mwenzetu aliomba picha. Mzee alijibu kwamba samaki kushikiliwa hewani ni sawa na mtu kuzamishwa kichwa majini, hakumwinua. Alimshika taratibu, kichwa kikielekea mkondo, mpaka mkia ulipopiga wenyewe.

Tulimwuliza kama huo si mchezo wa kumtesa kiumbe. Katekisimu, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu kunapingana na hadhi ya binadamu, na hatudhani kwamba anayevua ili aachie ameshalijibu swali hilo. Mzee hakujitetea. Alitupa historia. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay lilikataza samaki huyu asifanywe mbolea ya mashamba, kwa jinsi alivyokuwa akipotezwa. Katika karne ya 20 alipungua vibaya hata Maryland ikafunga uvuvi wake kuanzia mwaka 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 alitangazwa kuwa amerejea, na mwaka 2019 wataalamu wakatangaza tena kwamba amevuliwa kupita kiasi. Na katika hesabu zao, kati ya kila samaki 100 wanaoachiliwa na wavuvi wa burudani, 9 hukadiriwa kufa baadaye. Huogelea, huonekana wazima, kisha hufa mahali ambapo mvuvi haoni. Kwa kuwa wanaoachiliwa ni mamilioni, iko miaka ambayo waliokufa hivyo waliwazidi wale waliochukuliwa na wavuvi hao kwenda kuliwa.

Ndugu wapendwa, tunamfahamu mtu aliyekuwa mweka hazina wa jumuiya moja, si ya parokia hii. Alitumia fedha za michango ya mazishi, akakiri, akalipa zote. Jumuiya ilimsamehe. Lakini kwanza alisimamishwa mbele ya kikao kwa muda wa saa tatu, mkewe akiwapo na watoto wa jirani wakichungulia dirishani, kila mjumbe akatoa la moyoni, na mwishoni wakasali na kupeana mikono. Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba suala lilimalizika kwa amani. Mtu yule hajaonekana kanisani tangu siku hiyo. Ukiwauliza wanajumuiya, watakuambia kwa unyofu kabisa kwamba wao walimsamehe, na ni kweli.

Bwana, katika sura ile ya 18, anaanza na wewe na ndugu yako peke yenu. Mashahidi wawili watatu ni hatua ya pili, na Kanisa ni ya tatu, kwa yule tu aliyekataa kusikia. Aliyekwisha kukiri na kulipa hana sababu ya kufikishwa huko.

Kwa hiyo, kuhusu masuala mawili yaliyoletwa ofisini mwezi huu, tumewaomba wenyeviti wa jumuiya husika wasiitishe kikao. Waende watu wawili, jioni, nyumbani kwa mhusika, baada ya watoto kulala. Wasiende na daftari, na wasikae zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Atakayeulizwa njiani anakwenda wapi, ajibu kwamba anakwenda kumjulia hali ndugu yake.