Mauzo Pekee Hayasemi Kweli

Kampuni yetu ndogo ya Dar es Salaam inauza programu ya kutunza hesabu za maduka. Mwenye duka hulipa ada ya mwezi au ya mwaka kwa simu, kisha anaandika mauzo yake na mzigo unaoingia. Kila mwanzo wa mwezi wafanyakazi wote huoneshwa hesabu za kampuni za mwezi uliopita, na muhtasari wake tunauweka kwenye tovuti. Wenzangu wa biashara hushangaa. Nami huwajibu kwamba kila siku namhubiria mwenye duka kuwa mali bila daftari huisha bila habari; nitamuuziaje daftari wakati langu nimelifungia kabatini?

Desturi hii tumeikuta. Desemba 2013 Buffer, kampuni inayowasaidia watu kupanga machapisho yao ya mitandao ya kijamii, ilitangaza mishahara ya wafanyakazi wake wote, ukiwemo wa mwanzilishi Joel Gascoigne, pamoja na kanuni ya kuikokotoa. Baadaye hata mapato yake yalionekana na kila mtu kupitia Baremetrics, programu iliyoanzishwa na Josh Pigford, ambayo husoma malipo moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa kulipia. Kampuni changa nyingi zikaiga, na mchoro wa mapato yanayopanda ukawa tangazo la biashara.

Mchoro huo peke yake unaweza kumpotosha hata mwenye kampuni. Mteja akilipa ada ya mwaka mzima mwezi Januari, fedha imeingia, lakini sehemu kubwa bado ni deni la huduma ya miezi inayokuja. Kodi ya Ongezeko la Thamani inapita tu mikononi mwetu. Halafu kuna dola. Wateja wanatulipa shilingi. Seva tunazokodi nje zinadai dola. Mwaka 2023, dola ilipoadimika nchini na shilingi kushuka, mauzo yaliweza kupanda kwenye karatasi huku uwezo wetu wa kulipia seva ukipungua. Kampuni ya Marekani inayouza na kununua kwa dola haina haja ya mstari wa kutenganisha sarafu mbili kwenye hesabu zake. Sisi tunao.

Kwa hiyo karatasi yetu ina fedha iliyoingia, sehemu yake ambayo tumekwisha kuifanyia kazi, matumizi ya shilingi na ya dola yakiwa mbalimbali, salio la benki, na miezi ambayo salio hilo linaweza kutubeba. Mstari wa mwisho ndio unaosomwa kwanza. Tangu waanze kuuona, vijana wa ufundi wenyewe huja kuuliza kwa nini tunalipia seva ya majaribio usiku kucha, na anayeomba nyongeza ya mshahara huja na hesabu yake mkononi.

Si kila kitu tunaanika. Takwimu za duka la mteja ni siri yake. Mishahara tunatangaza kwa ngazi za kazi bila majina, maana mjini hapa mshahara wa mtu ukijulikana, ada za shule na michango ya harusi ya ukoo mzima humwangukia yeye. Washindani nao wanasoma, nakubali. Ila wakijua tunapata kiasi gani, bado watalazimika kwenda Kariakoo duka kwa duka kumfundisha mwenye duka kutumia programu, na kazi hiyo haiigwi kwa kutazama namba.

Kwa maoni yangu, uwazi wa kampuni hupimwa mwezi unapokuwa mbaya. Juni 2016 Buffer ilipunguza wafanyakazi 10, na Gascoigne akaeleza hadharani, kwa hesabu, jinsi walivyoajiri kwa kasi kuliko fedha zao zilivyoruhusu. Namba za furaha kila mtu anazitoa. Kijana anayetaka kufungua vitabu vyake nampa sharti moja: atangaze tarehe ya kutoa hesabu kabla hajajua mwezi utaishaje, na tarehe ikifika atoe, hata kama mstari wa mwisho umefupika.