Kabichi na Maji ya Mchangani

Watu wengi hudhani ya kuwa kabichi ni mboga ya nchi za baridi tu, kama Kinangop na Molo, na kwamba sisi wa Kitui na Makueni hatuna budi kuingoja ije kwa lori. Mimi ni karani wa serikali hapa Wote, mzaliwa wa Kitui, na kwa misimu kadhaa nimeipanda kando ya mto wa mchanga. Naona ya kuwa yamea vizuri, ila mkulima wa huku sharti ahesabu maji yake kabla ya kuhesabu miche.

Msimu niutegemeao ni wa vuli, tangu Oktoba hata Desemba, kwa kuwa katika Ukambani mvua hizo huaminika kuliko za masika. Katikati ya Septemba hutia mbegu kitaluni katika mistari, nikazifunika kwa udongo mwembamba, na juu yake nikajenga kivuli cha nyasi. Baada ya majuma manne au matano hupunguza kivuli na maji kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Kisha huihamisha jioni, kila mche katika shimo lenye samadi iliyooza vizuri, futi 2 kutoka mstari hata mstari, na futi 1 na nusu kati ya mche na mche. Mara hiyo hiyo hutandaza nyasi kavu, ili jua lisinyonye unyevu.

Shida yenyewe huja mvua zinapokoma, na kabichi hazijafunga. Mche mmoja mkubwa hutaka kadiri ya lita 1 ya maji kwa siku. Basi miche 400 ni lita 400, yaani madebe 20 kila siku. Maji hayo yatoka wapi?

Hapa yatoka kisimani, katika mchanga wa mto, na kisima hicho si changu peke yangu. Msimu mmoja, nilipokuwa bado natayarisha kitalu, jirani yangu, bibi mzee mwenye ng'ombe watatu, alinijia akaniuliza, "Mjukuu wangu, mboga zako zikisha kunywa, ng'ombe wangu watakunywa nini?" Nikamwambia, "Susu, nipe siku mbili nihesabu." Nilihesabu madebe yachotwayo na kila nyumba, na ya mifugo pia, nikaona ya kuwa yabakiayo yatosha miche 160 tu. Ndiyo niliyopanda. Fedha za karo zilikuwa chache kuliko nilivyotaka, na ilinibidi kutafuta nyingine. Lakini kisima hakikukauka, wala ng'ombe wa Susu hawakulala na kiu.

Kwetu Kitui nimeona mabwawa mengi ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe zake, mahali jua lisipoyafikia. Kwa hiyo anayepakia mchanga wote katika lori apakia na ghala ya maji yetu. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015, nayo yamhusu mpanda kabichi kama imhusuvyo mjenzi.

Maji yakiwa haba, kila mche una thamani, basi usiuache kwa wadudu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, hugeuza majani nikatazama chini yake, nikawaua viwavi na vidukari wangali wachache. Mche uliokatwa usiku hufukua udongo kando yake, na funza wa kijivu hupatikana amejikunja papo hapo. Jani likiwa manjano kuanzia ukingoni kwa umbo la pembe tatu, na mishipa yake ikawa myeusi, huo ni uozo mweusi: ng'oa mche, uuchome. Mwagilia shinani, si juu ya majani. Wala usipande kabichi mahali palipotoka sukuma wiki, kwa kuwa ni ndugu na maradhi yao ni mamoja. Ngoja misimu mitatu.

Tena, kabichi iliyofunga na kukaa na kiu, usiinyweshe maji mengi kwa ghafula, maana itapasuka, na mnunuzi hataitaka. Mvua ikinyesha bila kutazamiwa, zungusha kichwa kidogo ili baadhi ya mizizi ikatike, kisha uivune upesi.

Ndugu msomaji, ukiwa na shamba kando ya mto wa mchanga, nenda kwanza kisimani na majirani zako, mhesabu madebe pamoja. Ndipo ununue mbegu. Hayo ndiyo niliyoyaona mimi. Mwenye zaidi na aongeze.