Kabla ya Kuvuta Kamba

Katika Marekani, upande wa magharibi, kuna nchi kavu iitwayo Utah. Mvua yake ni haba na jua lake ni kali. Huko kuna mahali panapoitwa Zion, maana yake Sayuni. Wazungu waliohamia huko zamani walilitwaa jina hilo katika Biblia. Tangu mwaka 1919 Zion ni mbuga ya taifa. Milima yake ni ya mawe ya mchanga, mekundu na meupe. Kwa miaka mingi sana maji yameikata milima hiyo, yakachimba makorongo marefu. Makorongo mengine ni membamba hata mtu akinyosha mikono anagusa kuta zote mbili.

Korongo moja huitwa Mystery. Watu hodari huanzia juu mlimani, wakalifuata mpaka chini kwenye mto Virgin. Mwanzoni hawaoni maji hata kidogo. Wanapita katika vichaka, kwenye mteremko mkali wa udongo unaoteleza. Matawi yanawapiga usoni, miiba inawakwaruza mikono. Tena jiwe moja likisukumwa na mguu wa aliye juu, laweza kumpiga aliye chini. Kwa hiyo kila mtu huvaa kofia ngumu, na huangalia vema mahali pa kukanyaga.

Mara njia inakatika. Mbele ni ukuta wa mwamba ulionyoka, na chini yake korongo linaendelea. Watashukaje?

Wanatafuta mti wenye nguvu au jiwe kubwa lisilotikisika. Wanaufunga ukanda imara, na katika ukanda wanatia pete ya chuma. Kisha wanapitisha kamba katika pete mpaka katikati, na ncha zote mbili wanaziangusha chini. Kila mtu amevaa mshipi kiunoni na mapajani. Mshipi huo una chuma kidogo, na kamba inapita katika chuma hicho kwa kubanwa. Akiishika kamba kwa nguvu, anasimama. Akiilegeza kidogo, anashuka polepole, miguu ikikanyaga ukuta.

Wote wakiisha kushuka, wanavuta ncha moja ya kamba. Ncha ya pili inapanda, inapita katika pete, na kamba yote inaanguka miguuni pao. Wanaihitaji kwa ukuta wa mbele. Lakini fikiri, msomaji: sasa kamba haipo juu tena. Ukuta ule hawawezi kuupanda. Njia ya kurudi imefungwa. Imebaki njia moja tu, ya kwenda mbele mpaka mwisho.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Kwa sababu ya mvua. Miamba na udongo mkavu wa jangwa hainywi maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha, hata mbali, maji yote hukimbilia makorongoni. Mtu aliye ndani pengine anaona mbingu nyeupe juu ya kichwa chake, kumbe mafuriko yanakuja na matope, magogo na mawe. Hatari hiyo ni kubwa hasa toka mwezi wa 7 mpaka mwezi wa 9. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba waliingia katika korongo jingine la Zion, liitwalo Keyhole. Asubuhi ile ilikuwa imetangazwa kwamba mafuriko yaweza kutokea. Mchana mvua kubwa ilinyesha, maji yakajaa korongoni. Wote saba walikufa.

Basi, wenye akili huulizana kabla ya kuvuta kamba ya kwanza: Habari za mvua ya leo ni namna gani? Je, yuko mgonjwa kati yetu? Kamba yetu yatosha kwa ukuta mrefu kuliko zote? Jibu moja likiwa baya, wanarudi nyumbani kwa miguu yao, wala hakuna anayewacheka. Korongo halihami, watalikuta siku nyingine.

Wale wanaoendelea katika siku njema hufika ukuta wa mwisho wa Mystery. Urefu wake unapita mita 30. Maji ya chemchemi yanatelemka juu ya mwamba, nao wanashuka pamoja nayo, miguu ikiteleza, nguo zikilowa. Watu wanaotembea katika mto Virgin husimama na kuwatazama. Mwisho miguu inaingia katika maji baridi ya mto, na kamba inavutwa mara ya mwisho.

Watazamaji husifu ushujaa wa ukuta ule. Lakini ushujaa mkubwa ulifanyika asubuhi, mlimani, kamba ilipokuwa bado katika pete, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kusema: «Leo turudi.» Majuto ni mjukuu, shauri jema ni lile linalokatwa mapema.