Mdudu wa Kenya aliyesubiri jina zaidi ya miaka 50

Wikendi ikifika, familia nyingi za Nairobi huelekea msitu wa Karura. Watoto hutangulia kwa baiskeli, wazazi wakafuata polepole na chupa za maji, na safari huishia kwenye maporomoko au kwenye mapango yanayosemekana kuwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Njiani macho huwa juu, yakiwatafuta kima kwenye matawi ya mihugu. Ni wachache wanaotazama chini, kwenye majani makavu wanayoyakanyaga.

Na chini huko ndiko kwenye wakazi wengi zaidi. Mtu akifunua majani kwa kijiti ataona tabaka la juu likiwa kavu, la pili likiwa na unyevu na madoa meupe ya kuvu, na chini yake udongo mweusi wenye harufu ya mvua. Humo mna jongoo, buibui, siafu, na mbawakawa wadogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuwatenga na chembe ya udongo.

Mmoja wa mbawakawa wa namna hiyo alitoka katika ardhi ya Kenya na kusafiri mbali kabla ya kupata jina. Kati ya 1964 na 1965, nchi ikiwa bado changa baada ya uhuru, mtafiti William C. Block alikusanya udongo, majani yaliyoanguka na mimea katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Mwaka wa 1978 alikabidhi mkusanyiko huo kwa jumba la makumbusho ya viumbe asilia la London. Humo alikuwemo mdudu huyu, asiyejulikana na mtu yeyote.

Alikaa huko hadi mtafiti Michael Darby alipokuwa akipitia wadudu ambao hawakuwa wametambuliwa. Aliyemwona chini ya hadubini alikuwa na urefu wa milimita 0.79, sawa na punje ya sukari. Rangi yake ni ya manjano iliyofifia inayoelekea dhahabu. Hana macho wala mabawa. Ana vipapasio viwili virefu, mfano wa nywele za msichana zilizosukwa mikia miwili.

Kumtambua mdudu wa kimo hicho si kazi ya kutazama mara moja na kumaliza. Kwanza lazima atengwe na udongo. Njia moja wanayoitumia watafiti ni kuweka majani kwenye faneli yenye wavu, kisha kuwasha taa juu yake. Majani yanapopata joto na kukauka, wadudu hukimbilia chini penye giza na unyevu, wakaangukia kwenye chupa ya pombe. Baada ya hapo mtaalamu hupima kila kiungo, huchora, na kulinganisha na spishi zote za jamaa zilizokwisha kuandikwa. Akiona kweli hafanani na yeyote, huandika maelezo yake kwenye jarida la kisayansi, na kuteua mdudu mmoja awe kielelezo. Yeyote atakayekuja baadaye na mdudu anayemshuku atamlinganisha na huyo.

Maelezo ya mbawakawa huyu yalichapishwa Oktoba 2019. Darby alimwita Nelloptodes gretae, kwa heshima ya Greta Thunberg, msichana wa Uswidi ambaye mwaka mmoja awali, akiwa na miaka 15, aliacha masomo na kuketi nje ya bunge la nchi yake kudai hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Wadudu wa ukoo huu ni miongoni mwa mbawakawa wadogo kuliko wote duniani. Wengi hula kuvu na mbegu zake kwenye majani yanayooza. Jike hutaga yai moja kwa wakati, kwa kuwa yai lenyewe ni kubwa likilinganishwa na mwili wake. Ni mzazi mwenye mtoto mmoja mmoja, ndani ya nyumba ya majani.

Nyumba hiyo ndiyo inayotia wasiwasi. Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, ilitangazwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, lakini miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili zijengwe. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni, wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ulibaki. Kama ungekatwa, miti ingehesabiwa na kima wangeonekana wakihama. Wasio na macho wala mabawa wangeondoka pamoja na udongo wao, bila hata mtu kujua kwamba waliwahi kuwepo.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto dunia hii hahitaji vifaa vingi. Kioo cha kukuzia na karatasi nyeupe vinatosha. Konzi moja ya majani ichukuliwe kwa kijiko, si kwa mkono mtupu, maana huenda kuna siafu au tandu. Viatu viwe vya kufunika vidole. Watoto wasubiri kimya dakika mbili tatu, hadi chembe fulani ianze kutembea. Wakimaliza, majani yarudishwe palepale, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kufungua chakula.

Mtoto akiuliza, "Huyu anaitwa nani?" mzazi asione haya kusema hajui. Huenda hata wataalamu bado hawajui.