Snow Ana Miaka 18



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara kigangoni, tuliwakuta vijana wakibishana juu ya Coriolanus Snow. Sisi mafrateri tulimfahamu kama mzee katili wa The Hunger Games (2008), riwaya ya Suzanne Collins: rais wa nchi inayowalazimisha watoto kuuana kila mwaka mbele ya kamera, ili wilaya zilizoasi zisisahau kwamba zilishindwa. Vijana walikuwa na Snow mwingine, yule wa The Ballad of Songbirds and Snakes (2020). Wengi wao, tuseme ukweli, walikuwa wameona filamu tu.

Huyu ana miaka 18. Ni yatima. Nyumba yao ni ya kifahari lakini ndani wanakula supu ya kabichi, naye anaficha njaa yake ili wanafunzi wenzake wasijue.

"Frateri, mimi nampenda," binti mmoja alisema. Wenzake wakacheka.

Tulikuwa tayari kumkemea. Afadhali tulimwacha aendelee. Alisema mazimwi hayamtishi kwa sababu hajawahi kukutana nayo, lakini Snow anaweza kukaa naye dawati moja.

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu hautaki ubaya kwa kuwa ni ubaya. Anachokitaka hukiona kuwa chema kwa namna fulani. Jambo hilo tulilijibu vizuri kwenye mtihani wa falsafa. Snow anataka chakula, heshima ya ukoo, na usalama wa bibi yake na binamu yake. Nani asiyetaka? Kisha anarekodi kwa siri maneno ya rafiki yake Sejanus na kuyafikisha kwa wakubwa. Sejanus ananyongwa. Wazazi wake, wasiojua lolote, wanamfanya Snow mrithi wao.

Hapo tulinyamaza kidogo, maana nasi tulikuwa viranja katika seminari ndogo. Mwenzetu mmoja alitueleza usiku, bwenini, kwamba alitoroka kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Asubuhi tulipeleka jina lake kwa walezi. Tulijiambia ni kwa ajili ya nidhamu. Alirudishwa nyumbani wiki hiyohiyo, na sisi tukasifiwa mbele ya wote. Sifa ile ilikuwa tamu, hatuwezi kukana.

Tuliwasimulia vijana hayo, ingawa hayamo katika mpango wa mafundisho. Hakuna aliyecheka. Wazazi wengine wanatuomba tuwakataze watoto vitabu vya namna hii. Sisi tungependa kwanza wavisome mpaka mwisho, kwa sababu anayeishia katikati hubaki na kijana mzuri mwenye njaa, asimwone Sejanus kwenye kitanzi.

Binti yule aliinua mkono tena. "Na huyo rafiki yenu, mlishamtafuta?"

Hatukuwa na jibu. Jioni ile, tulipofika seminarini, tulianza kuulizia namba yake.