Gogogo wa Tanganyika na Elimu ya Kutazama

Katika viumbe waliotiwa majini, hapana aliyesingiziwa upumbavu kuliko samaki. Kwa kuwa sauti yake haisikiki, watu humdhania hana shauri; na kwa kuwa huja sokoni amekwisha kufa, watu husahau kwamba alipata kuishi. Mwuzaji humpima kwa mizani, mnunuzi kwa bei, na mpishi kwa chumvi. Vipimo hivi vitatu ni halali, walakini hakuna hata kimoja kiwezacho kueleza samaki alikuwa nani alipokuwa hai. Kipimo cha nne ni kumtazama akiishi, nacho hutaka kitu ambacho soko halina nafasi nacho, yaani subira.

Mkoa wa Katavi una sababu njema ya kukitaka kipimo hicho. Mji wa Mpanda, makao makuu ya mkoa tangu ulipoundwa mwaka 2012, umekaa katika nchi ya miombo, na msafiri aufikiaye kwa reli kutoka Kaliua hawezi kukisia kwamba amekaribia mojawapo ya maziwa makubwa ya dunia. Lakini akishika njia ya magharibi mpaka Karema au Ikola, nchi hushuka, na mbele ya macho yake hutandazwa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kifikacho mita 1,470. Na akigeukia kusini, katika mbuga ya Katavi, huukuta mto Katuma, ambao wakati wa kiangazi hupungua hata ukawa vidimbwi vya tope vilivyojaa viboko. Humo kambare huendelea kuishi, maana ana kiungo cha kuvutia hewa, na maji yakimkosesha pumzi huitafuta juu. Basi mkoa mmoja umejaliwa ndugu wawili wa mbali: kambare wa tope, ajulikanaye na kila jiko, na gogogo wa mawe ya ziwani, ambaye habari zake ni chache katika nchi yake na nyingi katika nchi za watu. Habari za huyu wa pili ndizo zinazostahili kusimuliwa.

Gogogo hana magamba. Kichwa chake kimevikwa ngao ya mfupa. Ana sharubu jozi tatu, na zile za kidevuni zina matawi mfano wa mizizi midogo. Pezi la mgongoni na mapezi mawili ya ubavuni yana miiba migumu, ambayo huisimamisha na kuikaza anapoogopa, hata adui ashindwe kummeza. Akitolewa majini huisugua miiba hiyo katika matundu yake ya mfupa na kutoa mlio, kana kwamba anashitaki. Katika magogogo wa Tanganyika aliye mashuhuri kuliko wote ni yule mwenye macho makubwa, tumbo jeupe, madoa meusi mengi ubavuni, na mapezi meusi yaliyotiwa kingo nyeupe kama nguo iliyopindwa kwa uzi mweupe.

Samaki huyu alipewa jina la kitaalamu mwaka 1898. George Albert Boulenger, aliyekuwa mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, aliwachunguza samaki waliokusanywa na J. E. S. Moore katika safari yake ya Tanganyika ya miaka 1895 na 1896, na mmoja wao akamwita Synodontis multipunctatus, maana yake mwenye madoa mengi. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja jina hilo lilitosha. Mwaka 2006 Jeremy Wright na Lawrence Page waliwapima upya magogogo wa ziwa hili, wakaonyesha kwamba chini ya jina moja walikuwa wakikaa wawili. Yule wa pili wakamwita Synodontis grandiops, mwenye jicho kubwa. Na pamoja na jicho lake, pezi la ubavuni aghalabu lina vijiti laini 7, ambapo la mwenzake lina 8. Mwaka uo huo samaki mdogo aliyekuwa akiuzwa na wafanyabiashara kama kibeti wa Synodontis petricola alipata jina lake mwenyewe, Synodontis lucipinnis.

Mtu wa haraka atacheka asikiapo kwamba wataalamu wamewatenga samaki kwa kuhesabu vijiti vya pezi. Lakini ajiulize kama angefurahi yeye mwenyewe kuandikwa katika daftari kwa jina la jirani yake kwa sababu wote wawili huvaa kanzu nyeupe. Jina la haki ni mlango wa haki nyingine. Asiyejua kwamba wapo wawili hawezi kuuliza kama wanakula chakula kimoja, wala kama wanazaa kwa njia moja; na asiyeuliza hawezi kujibiwa.

Baada ya kumtambua huja kumfuga. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yenye magadi; kipimo chake cha pH huwa kati ya 8.6 na 9, na joto lake la juu huwa nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Mfugaji hujaribu kuiga maji hayo katika tangi la kioo. Kundi la magogogo watano au sita, pamoja na samaki wengine wa ziwani, lahitaji tangi la lita zisizopungua 200, mchanga laini usiokwaruza sharubu, na mawe yaliyopangwa kuwa mapango, maana gogogo huchukia mwanga na hupenda kujificha mchana. Mawe ya chokaa husaidia kuyaweka maji katika ugumu wake. Lakini kazi kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika kichujio huota vijidudu vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na vingine vinavyoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Vijidudu hivyo hutaka majuma manne hadi sita kukamilisha idadi yao. Anayejaza tangi leo na kutia samaki leo huwaua kwa mapenzi yake. Na mapenzi yasiyojua kungoja hayana tofauti kubwa na ukatili.

Ufugaji ukikamilika huja uzazi, na hapa ndipo gogogo mwenye madoa huonyesha jambo ambalo mizani ya sokoni isingalilifunua milele. Katika tangi huwekwa pamoja naye samaki wa jamaa ya perege ambao majike yao huatamia mayai kinywani. Jike wa jamaa hiyo hutaga mayai machache machache mbele ya dume, na kila akitaga hugeuka upesi kuyaokota kwa kinywa. Katika nafasi ile fupi baina ya kutaga na kuokota, magogogo dume na jike hujitupa katikati, huyala baadhi ya mayai ya mwenyeji, nao humwaga ya kwao. Mama aliyefadhaika huokota yaliyo chini yote, yake na yasiyo yake, na kwenda nayo. Mayai ya gogogo huanguliwa kwanza, siku kadhaa kabla ya yale ya mwenyeji. Vifaranga vyake vikimaliza kiini chao hugeukia watoto wa mwenye nyumba na kuwala humo humo kinywani. Mwisho mama hufungua kinywa baada ya majuma ya kufunga chakula kwa ajili ya wanawe, na watokao ni wageni wenye sharubu.

Mwaka 1986 mtaalamu wa Kijapani, Tetsu Sato, alitangaza katika jarida la Nature kwamba ndivyo ilivyo ziwani kwenyewe. Watu waliwajua ndege wa namna hiyo tangu zamani, kama kekeo, atagaye katika viota vya wengine. Lakini katika wanyama wote wenye uti wa mgongo wasio ndege, gogogo huyu peke yake ndiye ajulikanaye kuishi kwa kulelewa hivyo pasipo njia nyingine. Jambo hili, lisilo na mfano katika bahari zote na mito yote, hutendeka katika maji ya Tanganyika.

Msomaji mwenye huruma atataka kumhukumu, na hukumu yake itazidi ukali akimlinganisha na jamaa zake wa Amerika ya Kusini. Huko wako kambare wa ukoo wa Loricariidae wenye mwili mwembamba uliofunikwa vibamba vya mfupa, na mkia mrefu unaoishia katika uzi kama mjeledi. Wafugaji huwapenda sana. Kwa Rineloricaria, dume hutafuta pango au bomba, jike hutaga humo, naye baba hukaa juu ya mayai akiyapepea kwa mapezi na kuyasafisha kwa kinywa mpaka yaanguliwe. Kwa Loricaria, baba huyachukua mayai yakiwa yamening'inia mdomoni pake. Wala haifai kusema kwamba wema ni wa Amerika na uovu ni wa Afrika, kwa kuwa katika Ziwa Tanganyika hilo hilo yupo kambare mdogo aitwaye Phyllonemus, ambaye baba na mama wote wawili hulea watoto vinywani mwao.

Ukweli ni kwamba hakuna mwema wala mwovu katika hao. Samaki hakupewa sheria akaivunja. Amepewa njia akaifuata. Wala mwenyeji wake hakuachwa bila silaha. Watafiti wa Brno katika Jamhuri ya Ucheki walitangaza mwaka 2018 majaribio waliyofanya katika matangi. Walimweka gogogo pamoja na samaki wa Tanganyika, ambao wameishi naye vizazi na vizazi, kisha pamoja na jamaa zao wa kutoka maji mengine, ambao hawajapata kumjua. Samaki wa Tanganyika walidanganywa mara 3 hadi 11 pungufu kuliko wale wageni, na walizidi kuyatema mayai ya gogogo kadiri walivyozidi kukutana nayo. Wale wageni hawakujifunza. Werevu wa wenyeji umetokana na ziwa lenyewe: umekuwa kizazi baada ya kizazi, mdanganyi akimnoa mdanganywa na mdanganywa akimnoa mdanganyi.

Katika jambo hili mna fundisho na mna onyo. Fundisho ni kwamba samaki hawezi kuelezwa peke yake. Ukimtoa gogogo katika ziwa lake ukamweka katika pombe ya makumbusho, utapata vijiti vya pezi na idadi ya madoa, nawe utakuwa umeupata mwili na kuukosa mwenendo. Onyo ni kwa mfugaji. Katika biashara ya samaki wa mapambo wameonekana magogogo machotara, wazao wa aina mbili au tatu zilizochanganywa na watu, wakiuzwa kwa majina ya aina halisi. Aliyeshindwa kutambua alichofuga hawezi kuhifadhi alichozalisha. Kwa mkono mmoja huongeza idadi ya samaki, na kwa mkono wa pili hufuta ukoo wao. Afadhali tangi lenye samaki wachache wa jina la hakika kuliko tangi lililojaa wasio na kabila. Tena samaki mgeni asimwagwe mtoni kwa kuonewa huruma. Kambare wenye vibamba wa Amerika ya Kusini, waliotoroka au kutupwa na wafugaji, wamekwisha kujaza mito ya nchi nyingine katika Amerika ya Kaskazini na Asia. Katuma na Tanganyika hazihitaji huruma ya namna hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo huwahusu wasomi. Jina la gogogo liliandikwa London, desturi yake ikatangazwa na Mjapani, na werevu wa majirani zake ukapimwa Brno, mji ulio mbali na ziwa lolote la Afrika. Hapana haki ya kuwalaumu watu hao. Waliketi wakatazama, na elimu ni ya aliyeketi. Lakini vyombo walivyotumia wengi wao havikuwa vya ajabu: kioo, maji, kichujio, daftari, na macho yasiyochoka upesi. Mpanda yaweza kuvipata vyote. Tangi moja katika darasa la sekondari, lenye maji yaliyopimwa na samaki waliotambuliwa kwa jina, lingewapa wanafunzi wa Katavi fursa ya kuona kwa macho yao jambo ambalo wengine husafiri nusu ya dunia kulitafuta. Na mvuvi wa Ikola, ambaye mikono yake imechomwa na miiba ya gogogo tangu utoto, angepata mtu wa kumwuliza maswali mapya, naye angekuwa na majibu ambayo hayamo katika jarida lolote.

Mtu asiyejua kilichomo katika ziwa lake ni kama mwenyeji anayelea yai asilolijua. Hulilinda, hulitaabikia, na siku ya kufungua kinywa hushangaa kuona kilichotoka.